Soksi ya Turubai

Watu wakisikia kwamba niliwahi kushonea kiwanja cha ndege hudhani najisifu. Huniuliza nilishona sare za nani. Nawajibu kwamba nilishona soksi, moja tu, ya kuvaliwa na mlingoti, na hapo wanacheka, nami nawaacha wacheke kwa sababu kueleza kunanichosha. Leo nitaeleza. Baba amekwisha kufa, mama alitangulia, na mimi mwenyewe macho yameanza kukataa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Kijiji chetu kiko mashariki ya Chamwino. Kulikuwa na zahanati, na mbele ya zahanati, mahali ambapo zamani walichunga ndama, palikuwa na kiwanja cha ndege. Nikisema kiwanja usifikirie lami. Ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu uliofyekwa kutoka kusini kwenda kaskazini, kandokando yake vichuguu na miti ya miiba. Baba yangu ndiye alikuwa mlinzi wake. Alikuwa na kofia, filimbi na panga, na kazi ile aliiheshimu kama mchungaji anavyoheshimu madhabahu yake. Mara mbili kwa mwezi ndege ndogo ilikuja kutoka mjini ikileta chanjo, na ikirudi ilibeba mgonjwa kama yupo. Wanakijiji waliiita ndege ya sindano, na watoto walikuwa wakiikimbia badala ya kuikimbilia.

Rubani alikuwa mtu wa Kondoa, wa zile koo ambazo lugha yao ina vidoko, ile milio ya kugongesha ulimi, na baba hakuchoka kumtania. Alimwambia ukoo wao ulijifunza kuongea kwa kuswaga punda. Rubani akajibu kwamba Wagogo nao walijifunza kwa kumsikiliza punda akijibu. Kabla hajashuka kwenye ngazi alikuwa amekwisha kusema, "Shikamoo mzee," na baba alimwita mwanangu ingawa mwenzake alikuwa na mvi nyingi kuliko yeye. Alimletea baba gazeti la juzi na mkate wa mjini. Baba alikuwa akilisoma gazeti lile wiki nzima, mpaka matangazo ya vifo.

Ndege yenyewe ilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo mkiani. Ikisimama ilikaa imeinua pua juu. Siku moja nilimuuliza rubani kwa nini wasinunue ile ya kukaa sawasawa. Akaniambia hii inavumilia mawe na mashimo ya kwetu, ila ina tabia yake.

"Angani ni mpole, binti," alisema. "Ikigusa chini na upepo unatoka ubavuni, inageuka punda. Inataka kugeuza uso ikautazame upepo. Na ukichelewa kuirudisha, mkia unakuja mbele na wewe unaondoka nao."

"Sasa unafanyaje?"

"Nakuwa najua upepo ukoje kabla sijagusa chini. Basi."

Upepo, sasa. Yule anayedhani upepo ni mali ya watu wa pwani aje Dodoma mwezi wa saba. Asubuhi unaanza kwa adabu, ikifika saa nne unapiga mabati na kujaza mchanga kwenye uji. Kwetu unatoka mashariki, na kiwanja chetu kililala kusini kwenda kaskazini kwa sababu upande mwingine kulikuwa na korongo. Kwa hiyo kila ndege iliyotua pale wakati wa kipupwe ilipigwa ubavuni.

Ili rubani aujue upepo, kulikuwa na vitu viwili. Kwanza soksi, mfuko mrefu wa kitambaa ulio wazi ncha zote mbili, juu ya mlingoti. Upepo ukiwa mdogo inalegea, ukiwa mkali inanyooka kama mkono. Pili moshi wa baba. Moshi huo haukuwa kwenye maagizo ya mtu yeyote. Baba alikuwa akikusanya mavi makavu ya ng'ombe na majani mabichi mwisho wa kiwanja, na akisikia mlio tu anawasha. Moshi hausemi uongo, alikuwa akisema, hauna mfupa. Ukilala chini kabisa, rubani anajua leo kuna kazi, na mara moja au mbili aligeuza ndege akarudi mjini na chanjo zake bila kutua. Watu walinung'unika. Baba alizima moto wake kwa mguu, akaenda nyumbani.

Soksi nilishona mimi. Nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya nyumba moja ya Chang'ombe, pale Dodoma mjini, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, sina mume wala sina haraka naye. Nilizishona kwa marekani, kitambaa chepesi cheupe. Kila kipupwe upepo uliichana ikabaki ndevu, na baba alipanda gari la mnada mpaka mjini, akanikuta barazani na vipande kwenye mfuko wa plastiki, amevikunja kama nguo za marehemu. "Imekufa tena," ananiambia. Na mimi nikicheka nashona nyingine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo utoto wangu wote yalikuwa na viberiti na majani ya chai, sasa yalikuwa na kila kitu, na mitumba ikamwagwa sokoni mpaka mafundi tukaanza kujiuliza tutakula nini. Mwanzoni niliilaani mitumba. Baadaye nikajifunza kuila, kwa kupunguza suruali za Wazungu zikakaa kwenye viuno vya Wagogo. Ndani ya robota moja nikakuta turubai la hema, la rangi ya chungwa, zito, upande mmoja lina mpira wa kuzuia mvua. Nililishika, na kitu cha kwanza kilichokuja kichwani ni baba na mfuko wake wa plastiki.

Nilishona siku tatu. Cherehani ilikataa, nikaenda kwa shazia, ile sindano ya magunia. Mishono nilipiga mara mbili mbili, mdomoni nikaweka waya mnene na kuufunika. Vidole vilitoka damu. Fundi mwenzangu alipita, akaivuta kwa mikono yote miwili, akasema, "Hii itawazika wote." Nilijiona fundi. Kusema kweli, sijashona kitu kingine maishani kwa mapenzi kiasi kile, na nimeshona magauni ya harusi.

Baba aliipokea mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaisha na hewa imetulia. Aliipandisha mwenyewe. Kijiji kizima kilikuja kutazama, maana rangi ile haikuwapo popote kati ya udongo na anga. Ndege ilipokuja, rubani alishuka akiwa anacheka. "Mzee, nimeiona nikiwa bado juu ya Chamwino. Nani kafanya kazi hii?" Baba akasema ni binti yake, fundi wa mjini. Aliniambia habari hiyo mara tatu, kila mara akiongeza neno.

Mwezi wa saba nilikwenda kijijini kumsaidia mama kupura uwele. Ilikuwa siku ya ndege, lakini ndege ilichelewa. Tulisikia baadaye kwamba masanduku ya barafu yalichelewa kufika uwanjani mjini. Ilifika karibu saa sita, saa ambayo upepo wa kwetu unakuwa umekwisha kuamka na kuvaa viatu. Tulisimama pembeni ya kiwanja, mimi na baba. Kanga yangu ilikuwa inanipiga usoni. Naikumbuka kanga ile, nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili ili isiniponyoke, na bado sikuinua macho kuitazama soksi nikajiuliza. Ilikuwa imening'inia nusu, haikunyooka wala haikulala, kama mkono wa mtu anayeelekeza njia asiyotaka mwenzake aende.

Niliona kitu kimoja tu. Baba hakuwa na rundo la mavi.

"Baba, leo huwashi moshi?"

"Wa nini?" alisema bila kunitazama. "Niliacha tangu ulete hiyo. Nikiwasha moshi na kazi ya mwanangu iko juu pale, nitakuwa kama mgeni anayeongeza chumvi kwenye mboga kabla hajaionja. Watu wataona siiamini."

Nilifurahi. Ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwamba wakati ule, ndege ikiwa juu yetu, mimi nilikuwa na furaha.

Rubani alizunguka mara moja, akazunguka tena. Kwa kawaida alizunguka mara moja. Kisha akaja kutoka kusini, bawa la upande wa upepo limeinama kidogo, akagusa kwa gurudumu moja, akagusa kwa la pili, mkia ukashuka. Nikasema moyoni, ametua. Ilikimbia sawasawa kama hatua hamsini. Halafu pua ikaanza kugeukia mashariki, taratibu, kama mtu aliyesikia ameitwa. Injini ilinguruma, akijaribu kuirudisha. Mkia ukapita mbele. Bawa la upande wa pili likachimba udongo, mguu mmoja ukavunjika, na ndege ikaenda kibavubavu nje ya kiwanja mpaka kwenye kichuguu, ikapinduka.

Vumbi lilikuwa jingi. Baba alikimbia huku anapiga filimbi, ile ya kufukuzia ng'ombe, akaipiga njia nzima mpaka alipofika. Sijui alitaka kumfukuza nani. Nilifika nyuma yake. Rubani alikuwa ananing'inia kwenye mikanda kichwa chini, damu inamtoka sikioni, macho yako wazi. Alimwona baba.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu," baba akajibu. Tukaanza kukata mikanda kwa panga.

Gari la zahanati lilimchukua. Alikufa kabla ya Chamwino, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya baba.

Siku ya tatu walikuja watu wawili kutoka mjini kuchunguza. Mmoja alikuwa mnene, akapiga picha. Mwingine alikuwa mwembamba, mwenye daftari, mtu mpole. Alipima alama za magurudumu kwa hatua zake, akashikashika breki, akauliza saa. Kisha akaomba soksi ishushwe. Aliipima kwa mkono, akaipindua akaona ule mpira. Akamuuliza baba kama ana ile ya zamani. Baba alikuwa nayo nyumbani, vipande vyake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuwahi kutupa hata moja. Yule mtu alifunga kipande cha marekani kwenye fimbo, akafunga na turubai kando yake, akainua juu. Marekani ilinyooka papo hapo ikawa inapigapiga. Turubai lilining'inia nusu. Kijiji kizima kiliona.

"Nani alishona hii?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi," alisema baba.

Yule mtu alimtazama. Baba alikuwa amevaa shati ambalo vifungo vyake vilikuwa vya rangi nne, kazi ya mama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole kilichopinda tangu ujana, hawezi kushika hata sindano ya kutolea mwiba.

"Unajua kushona, mzee?"

"Najua."

"Na hili turubai ulilipata wapi?"

"Mnadani."

Aliandika. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, vidole vyangu bado vina makovu ya shazia, na nikavificha ndani ya kanga. Nilimwogopa yule mtu, nikaogopa polisi, nikaogopa wateja wangu wa Chang'ombe watasema nini. Hizo ndizo sababu zangu, sina nyingine. Kabla hajaondoka yule mwembamba alimwambia baba kwamba ajali haina mama mmoja, kwamba rubani huusikia upepo angani kabla hajafika chini, kwamba breki moja ilikuwa imekwisha na siku ilikuwa ya haraka. Alisema kwa huruma. Baba alimshukuru, akarudisha kofia na filimbi siku hiyo hiyo kabla hajaambiwa arudishe.

Tulikwenda Kondoa kuhani, baba, mama na mimi. Walikwisha kuzika siku ile ile ya msiba kama dini yao inavyotaka, tukakuta watu wanasoma hitima. Mjane alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ametulia. Alipoambiwa baba ni nani, alitoka kwenye mkeka wake akaja mpaka alipo, akapiga goti.

"Ndiye wewe mzee wa moshi?" alimuuliza. "Alikuwa akikusema sana. Alisema viwanja vyote vina soksi, lakini kwa mzee wa moshi anatua moyo umetulia."

Baba aliinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Mjane akadhani ni huzuni, akamshika mkono, akaanza kumbembeleza yeye aliyekuwa amekuja kumbembeleza. Mimi niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye kuni, nikalia mpaka mama akaja kuniita.

Ndege haikurudi. Chanjo zikaanza kuletwa kwa gari, zikija. Kiwanja kikaota michongoma, ng'ombe wakarudi, na baba akarudi kulima uwele. Mtu hakumsema usoni. Ila kwenye pombe, kama kuna jambo limeshonwa vibaya, la harusi au la mipaka ya shamba, kuna mtu lazima angesema, "Hii ni soksi ya mzee," na wakacheka, halafu wakanyamaza wakimwona. Alivumilia hilo miaka kumi na zaidi. Nami nilikuwa nikija Krismasi na kuondoka, nikimletea sukari, blanketi, redio. Sikumletea lile neno moja alilokuwa anahitaji, la kusimama mbele ya watu na kusema ni mimi.

Mama alipokufa nilimchukua baba nikaishi naye Nkuhungu, pale pale mjini, nilikopata kiwanja na kujenga. Nilihamishia cherehani kibarazani, naye akawa anakaa pembeni yangu kwenye kiti cha kamba. Kila nguo niliyomaliza nilimwonyesha. "Nzuri," anasema. Nguo ingeweza kuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, angesema nzuri. Wateja walimpenda. Mimi nilimkaripia: "Baba, wewe utanifukuzia kazi, sema kweli." Anacheka.

Mwaka aliokufa, miguu ilikuwa imevimba na pumzi inakatika. Ilikuwa tena mwezi wa saba, saa nne asubuhi. Upepo ulipita barazani, ukalinyanyua gauni la hariri bandia nililokuwa nimelitundika, likanyooka mbele yetu. Baba akalitazama muda mrefu.

"Ile soksi," alisema. "Niliona."

Tulikuwa hatujaitaja tangu Kondoa. Nikasimamisha cherehani. "Uliona nini, baba?"

"Kwamba hainyooki. Tangu upepo ulipoanza mwezi wa sita, niliona. Ndege ilikuja mara mbili mwezi ule, nikaona haisemi kweli."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri. Nilimwona anatafuta jibu kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Ulikuwa umeishona vizuri," alisema.

Nilikuwa na hasira. Nisidanganye, nilikuwa na hasira hata nikataka kuitupa ile nguo niliyoishika. Miaka yote ile nilidhani alibeba kosa langu, na kumbe alikuwa amebeba lake, na langu juu yake. Neno moja tu, "Mwanangu, nzito hii," lingetosha. Ningerudia kwa marekani siku hiyo hiyo. Au rundo la mavi ya ng'ombe na kiberiti. Mtu aliyekuwa akimsalimia shikamoo hata kichwa chini amekufa kwa sababu baba yangu hakutaka kuniumiza moyo. Kisha nikakumbuka nami nilikuwa hatua mbili, vidole kwenye kanga. Yeye alinyamaza kabla, mimi nikanyamaza baada, na kila mmoja alifanya hivyo akimtazama mwenzake.

Nilitaka kumwambia hayo yote. Nilimwambia, "Kunywa chai, inapoa."

Alikunywa. Baada ya kidogo akauliza lile gauni ni la nani. Nikamwambia ni la binti wa jirani, la ubatizo. Akalitazama tena, akasema ni zuri. Kwa kweli lilikuwa limevuta upande wa kushoto, nilikuwa nimeliona tangu asubuhi.

"Limevuta, baba," nilisema. "Upande huu. Huoni?"

Alinyoosha shingo, akafinya macho. Nilimsubiri. Nilitaka aseme, mara moja tu kabla hajafa, kwamba nimekosea.

"Kidogo," alisema, machozi yakamtoka. Nikalishusha lile gauni, nikaanza kulifumua.